Mng'ao wa Zinki ya Nyumbani Unatoka Wapi

Kila anayefufua pikipiki kuukuu, baiskeli ya zamani au Land Rover iliyolala bandani miaka mingi hufika siku moja kwenye bolti. Rangi ya bodi imekamilika, injini inanguruma, lakini nati, bolti na vishikio vyote vimeliwa na kutu. Bolti mpya ya dukani inang'aa, nyeupe yenye bluu kwa mbali. Anayezichovya zake kwa zinki nyumbani, kwa siki, sukari na chaja ya betri, huzitoa kwenye beseni zikiwa na kijivu kilichofifia. Zinki imeshika kweli na itazuia kutu, ila mng'ao haupo. Hapo huanza msako wa dawa: kijiko cha sukari kinaongezwa, kisha viwili, kisha mtu anajaribu vanila ya keki.

Msako huo unaanzia mwisho. Mng'ao wa zinki huamuliwa kwanza na chuma kilicho chini yake, kisha na kiasi cha umeme kinachopita kwenye kila kipande cha uso wa chuma hicho, kisha na usafi wa maji yenyewe. King'arishi huja baada ya hayo. Yakiwa yameharibika, hakuna king'arishi kitakachoyaponya, na anayekitegemea atatumia fedha nyingi na kubaki na kijivu chake.

Metali hung'aa pale uso wake unapourudisha mwanga kwa mpangilio. Ukiutawanya ovyo, jicho huona kijivu. Mawimbi ya mwanga tunaouona yana urefu wa kati ya mikromita 0.4 na 0.7, na mikromita moja ni sehemu ya elfu ya milimita. Zinki inayoota kwenye maji ya asidi yasiyo na kiungo cha kuidhibiti hujijenga kwa fuwele kubwa zenye upana wa mikromita kadhaa, kila moja ikielekea upande wake. Uso wa namna hiyo ni wa milima na mabonde makubwa kuliko wimbi la mwanga, kwa hiyo lazima uonekane umefifia. Kuifanya zinki ing'ae ni kuzizuia fuwele zake zisinenepe na kuzuia vilele visiote haraka kuliko mabonde.

Kijivu hicho si ugonjwa. Zinki hulinda chuma kwa sababu ni nyepesi zaidi kuachia elektroni: volti yake ya kawaida ni hasi 0.76, ya chuma ni hasi 0.44. Vikigusana kwenye unyevu, zinki ndiyo inayoliwa na chuma hubaki. Ulinzi huo hauulizi kama utando unang'aa. Anayechovya kishikio cha ndani ya fremu kisichoonekana na mtu hana sababu ya kuhangaikia mng'ao. Kazi inayofuata ni kwa ajili ya vile vinavyoonekana.

Na kazi kubwa iko kwenye chuma kitupu. Utando wa kawaida wa zinki kwenye bolti una unene wa mikromita 5 hadi 12. Punje za msasa namba 80 zina upana wa takribani mikromita 200. Mikwaruzo inayoachwa na msasa huo haiwezi kufunikwa na utando wa mikromita 8. Itabaki pale pale, sasa ikiwa na rangi ya zinki. Hata ving'arishi bora vya viwandani, ambavyo husawazisha uso kama fundi wa lipu anavyojaza vishimo vya ukuta, hujaza mikwaruzo midogo tu. Anayetaka kichwa cha bolti king'ae akipitishe kwenye msasa namba 240, kisha 400, kisha 800, halafu akisugue kwa kitambaa na dawa ya kusugulia metali, kabla hata ya kufikiria beseni. Kikitoka hapo kinang'aa kama chuma kitupu, nusu ya safari imekwisha.

Kisha bolti iondolewe mafuta. Magadi yaliyoyeyushwa kwenye maji ya moto, pamoja na sabuni na brashi, yanatosha kwa vitu vingi. Grisi iliyoganda inahitaji kostiki soda, ambayo huunguza ngozi na macho, kwa hiyo glavu na miwani ni lazima. Kuna jaribio moja la kujua kama kitu kimesafika, na viwandani hutumika hadi leo: kichovye kwenye maji safi, kiinue, kitazame kwa nusu dakika. Maji yakibaki kama karatasi moja nyembamba juu ya uso wote, kiko tayari. Yakikatika na kujikusanya matone, bado kuna mafuta, na zinki itakayopakwa hapo itakuwa na madoa au itabambuka. Baada ya jaribio hilo usikiguse kwa vidole vitupu.

Hatua ya asidi ndiyo inayowaharibia wengi kazi ya msasa. Asidi ya hidrokloriki, ile inayouzwa kwa kusafishia vigae, ikizimuliwa huondoa kutu ndani ya dakika chache. Wengi huacha bolti ndani yake usiku kucha. Asidi haikomi kwenye kutu. Inaendelea kula chuma, inatoboa vishimo, na inaacha juu yake masizi meusi ya kaboni iliyokuwa ndani ya chuma. Zinki ikikaa juu ya masizi hayo hufifia na hushika vibaya. Kama umeshakisugua kitu kikang'aa, kiache kwenye asidi sekunde chache tu za kukiamsha, kipanguse masizi kwa brashi chini ya maji, kisuuze, na kiingie kwenye beseni la zinki kikiwa bado kimelowa. Chumba kiwe na hewa ya kutosha, na asidi imiminwe ndani ya maji, kamwe maji yasimiminwe ndani ya asidi.

Sasa umeme. Chaja ya betri ya gari hutoa volti 12 na zaidi, wakati beseni dogo la zinki linahitaji volti chache sana, mara nyingi kati ya 1 na 4. Ukiunganisha chaja moja kwa moja, mkondo utakuwa mkubwa mno: mapovu yatajaa, pembe za bolti zitaota vumbi jeusi na miiba, na mtu atasema maji yake mabaya. Maji hayana kosa. Ioni za zinki zilizo karibu na pembe zimekwisha haraka kuliko zinavyofika nyingine, na hapo ndipo utando huungua.

Kipimo cha kushika ni ampea kwa kila desimita moja ya mraba, yaani mraba wa sentimita 10 kwa 10. Kwa beseni la nyumbani, kati ya ampea 1 na 2 kwa desimita ya mraba ni mahali pazuri pa kuanzia. Bolti kumi za M8 zenye urefu wa milimita 30 zina uso wa takribani desimita moja na nusu ya mraba, kwa hiyo zinataka ampea moja na nusu hadi tatu. Asiye na kifaa cha kurekebisha umeme anaweza kuunga balbu ya gari kwenye waya mmoja, ili umeme upite kwenye balbu kwanza ndipo ufike kwenye beseni. Balbu ya volti 12 na wati 21 hairuhusu zaidi ya ampea 1.75 hivi, na bolti ikigusana na zinki kwa bahati mbaya, balbu itawaka tu badala ya chaja kuungua. Kwa bei ya balbu ya indiketa, sijui njia bora zaidi ya kuanzia.

Muda nao hutoka kwenye hesabu ambayo Michael Faraday aliiweka wazi mwaka 1834. Ampea moja kwa saa moja hupandisha gramu 1.22 za zinki. Kwenye desimita moja ya mraba hiyo ni mikromita 17. Unene wa mikromita 8, kwa ampea 1 kwa desimita ya mraba, huhitaji karibu nusu saa, na beseni la siki linalopoteza umeme mwingi kwenye mapovu ya hidrojeni litahitaji zaidi. Kuongeza muda kwa matumaini ya mng'ao ni kosa, kwa sababu bila king'arishi kila mikromita inayoongezeka huzidisha ukali wa uso. Na kwenye meno ya bolti unene huhesabiwa mara nne: utando wa mikromita 8 hupanua kipenyo cha meno kwa mikromita 32. Bolti iliyochovywa saa mbili huenda isiingie tena kwenye nati yake.

Kuhusu maji yenyewe, mapishi ya nyumbani yaliyoenea ni siki nyeupe, chumvi ya haluli, sukari na kipande cha zinki. Siki huyeyusha zinki kidogo kidogo ikawa asetati ya zinki, chumvi ya haluli husaidia umeme kupita, na sukari hutarajiwa kuleta mng'ao. Sukari si uzushi mtupu. Viwanda vya zamani vilivyochovya kwa salfeti ya zinki vilitia glukosi, dekstrini na gelatini ili kubana fuwele. Lakini vilichopata ni utando laini, mweupe na sawia, ambao haukufikia kioo. Anayetumia siki ategemee huo, kisha ausugue kwa brashi ya waya wa shaba au sufi laini ya chuma. Msuguo hulaza vilele vya fuwele, na kijivu hugeuka mng'ao wa kiasi, unaofanana na chuma cha zamani kilichotunzwa vizuri. Kwa pikipiki ya miaka ya 1960 mwonekano huo unafaa, na mimi naupenda kuliko bluu kali ya bolti mpya.

Anayetaka kioo lazima abadilishe beseni. Viwanda vingi vinavyotoa bolti zinazong'aa hutumia ama maji ya kloridi yenye asidi kidogo, ama maji ya kostiki soda yaliyoyeyushiwa zinki. Zamani walitegemea sayanidi, na ilitoa mng'ao mzuri, lakini maji ya sayanidi yakikutana na asidi hutoa gesi inayoua mtu chumbani. Hakuna mahali pa sayanidi nyumbani. Maji ya kostiki yanawezekana ila ni makali na yanadai uangalifu mkubwa. Kwa hiyo njia iliyobaki kwa mtu wa nyumbani ni kloridi: kloridi ya zinki, kloridi ya potasiamu ya takribani gramu 200 kwa lita, asidi ya boriki ya gramu 30 hivi, pH kati ya 5 na 5.5, joto la chumba. Karibu umeme wote hupandisha zinki, mapovu ni machache, na ni maji yanayokubali king'arishi vizuri kuliko mengine yote anayoweza kuyaandaa mtu wa kawaida.

King'arishi cha maji hayo kina sehemu mbili. Kinachong'arisha hasa mara nyingi ni benzilidini asetoni, ambayo haiyeyuki vizuri kwenye maji, kwa hiyo hubebwa na dawa za jamii ya sabuni pamoja na benzoeti ya sodiamu, ile ile inayohifadhi soda na sosi. Molekuli hizo hung'ang'ania vilele vya uso na kuzuia zinki isiongezeke pale, hivyo mabonde hupata nafasi ya kufikia. Vanilini ni king'arishi cha kweli pia, lakini mahali pake ni kwenye maji ya kostiki. Kuimimina vanila ya keki kwenye siki ni kupoteza vanila. Kila king'arishi kina maji yake. Kununua kilichotengenezwa tayari kwa kloridi, na kukipima kwa mililita kama muuzaji anavyoelekeza, ni bora kuliko kubuni. Kikizidi, utando huwa mgumu na wenye kukatika. Bolti inayong'aa sana ukiikunja utando hupasuka. Na beseni likipata joto linalozidi nyuzi 40 hivi, dawa nyingi za jamii hii hutengana na maji, yakawa na ukungu, na mng'ao ukapotea. Hapo yaache yapoe kabla ya kuongeza chochote.

Zinki inayoyeyuka, ile anodi, ndiyo mahali ambapo umaskini wa vifaa hutuponza zaidi. Mwanzo wa wengi ni kipande cha bati la kuezekea. Bati la kiwango cha gramu 100 kwa mita ya mraba lina zinki ya mikromita 7 tu kila upande. Itakwisha haraka, kisha chuma cha ndani kitaanza kuyeyuka na kuchafua maji. Makopo ya betri kavu za tochi yana zinki, lakini kwa muda mrefu yalichanganywa na risasi ili yawe imara, na weusi wa ndani ni wa manganizi. Zile zinki zinazofungwa chini ya meli na boti kuzuia kutu, ambazo huko Mombasa na Dar es Salaam si adimu, nyingi huwekwa kadimi kwa makusudi, na kadimi ni sumu. Tafuta zinki safi ya asilimia 99.9, uifunge kwenye kitambaa safi ili vumbi lake lisielee hadi kwenye bolti, na eneo lake liwe sawa au kubwa kuliko la vitu unavyochovya. Vivyo hivyo salfeti ya zinki ya duka la pembejeo: ni mbolea nzuri ya mahindi, lakini haikusafishwa kwa kazi hii. Chumvi zote ziyeyushwe kwenye maji ya betri.

Uchafu wa metali nyingine huonekana kwenye rangi. Shaba na risasi huleta weusi kwenye pembe za ndani ambako umeme ni mdogo. Waya wa shaba unaoshika anodi usiguse maji. Chuma kikiingia, kwa mfano bolti ikianguka chini ya beseni na kusahaulika siku nzima, huleta weusi kwenye pembe za nje. Kwenye maji ya kloridi kuna tiba: haidrojeni peroksaidi kidogo, ambayo hugeuza chuma kuwa tope la kahawia unaloweza kulichuja.

Kujua tatizo liko kwenye umeme au kwenye maji, mwaka 1939 Richard O. Hull wa Marekani alipata hataza ya beseni dogo lenye ukuta mmoja ulioegama. Kibati kimoja ndani yake hupata umeme mkubwa upande mmoja na mdogo upande wa pili, na kinaonyesha kwa mara moja ni wapi utando unaungua, ni wapi unang'aa na ni wapi unafifia. Nyumbani, kipande cha bati laini lisilo na zinki, kilichokunjwa na kutundikwa ncha moja karibu na anodi na nyingine mbali, hufanya kazi ya karibu na hiyo. Likiwa na mkanda unaong'aa popote pale, maji ni mazima, rekebisha ampea. Lisipong'aa popote, tatizo ni maji au king'arishi. Dakika kumi za jaribio hili huokoa wiki nzima ya kubahatisha.

Baada ya beseni kuna jambo ambalo wengi hulikosa kabisa. Suuza, kisha chovya kwa sekunde tano hadi kumi kwenye asidi ya naitriki iliyozimuliwa sana, karibu nusu ya asilimia moja. Naitriki, ambayo masonara wanaifahamu, huondoa ukungu mwembamba wa juu, na utando uliotoka na wingu hung'aa mbele ya macho. Ukizidisha sekunde, zinki yenyewe inaliwa. Kisha suuza tena na upake kinga, kwa sababu zinki tupu inayong'aa hushika alama za vidole, na kwenye unyevu huota unga mweupe. Kinga ya zamani ya rangi ya manjano ilitokana na kromiamu ya valensi sita, ambayo huleta saratani na imebanwa na sheria za Ulaya. Isiingie nyumbani kwa namna yoyote. Ya bluu nyepesi ya kromiamu ya valensi tatu inapatikana na inatosha. Asiyeipata apake vanishi nyembamba isiyo na rangi. Kwa sababu hiyo hiyo ya kromiamu, usitumie kijiko au sahani ya chuma kisichoshika kutu kama anodi.

Wakazi wa pwani wajue pia wanachokinunua kwa jasho hili. Kwa vipimo vya ISO 9223, kwenye hewa ya daraja la C4, ambayo ni hali ya sehemu nyingi za pwani, zinki hupungua mikromita 2.1 hadi 4.2 kwa mwaka. Utando wa mikromita 8 bila kinga juu yake utaishi miaka miwili hadi minne, na mng'ao utaondoka mapema zaidi. Bara kwenye hewa kavu unaweza kukaa zaidi ya miaka kumi.

Maji yaliyochoka yasimwagwe mtaroni. Zinki inaua samaki na wadudu wa majini hata ikiwa kidogo. Yatie magadi kidogo kidogo hadi pH ifike 9 au 10. Zinki itashuka kama tope jeupe. Usizidishe, maana kwenye pH kubwa sana tope huyeyuka tena. Chuja, kausha, weka kwenye chombo chenye jina, mbali na jikoni na watoto.

Na kuna vitu visivyostahili kung'arishwa nyumbani hata kidogo. Kitu cha zamani chenye utando unaodhaniwa kuwa wa kadimi, hasa kutoka kwenye ndege, usikitie asidi wala usikipige msasa. Chuma kigumu sana nacho hunywa hidrojeni kwenye asidi na kwenye beseni, kisha hukatika ghafla baada ya saa au siku, kikiwa kimekazwa na hakuna aliyekigusa. Viwandani vitu hivyo huokwa kwa joto la nyuzi 190 hadi 220 kwa saa nyingi, mara tu vinapotoka kwenye beseni, na jiko la nyumbani si mahali pa kuiga hilo kwa kubahatisha. Bolti iliyoandikwa 10.9 au 12.9 kichwani, springi, na chochote kinachoshika breki au usukani, nunua kipya kilichochovywa kiwandani.